Barua ya wazi kwa Liwali wa Haut-Katanga: mashine inawajibu watoto wetu, nasi hatuna mahali pa kuhakikisha

Lubumbashi

Mheshimiwa Liwali,

Ninakuandikia kama mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari hapa Katuba, moja ya komini (wilaya za mji) za Lubumbashi. Ombi langu ni hili: bajeti ijayo ya jimbo iweke fedha za chumba cha kusomea cha umma katika kila komini ya Lubumbashi, na iziweke kabla jimbo halijanunua tableti hata moja au kutia sahihi mkataba wowote wa akili bandia kwa ajili ya shule. Najua wapo watakaokuambia kwamba maktaba ni mambo ya zamani, kwamba sasa mtoto ana kila kitu kwenye simu. Tafadhali nisikilize mimi ninayesahihisha kazi za watoto hao.

Akili bandia, ile vijana wanayoiita IA, imekwisha kuingia darasani bila waraka wa mtu yeyote. ChatGPT ilifunguliwa kwa watu wote mwisho wa Novemba 2022, na nyingine nyingi zimefuata. Huku kwetu si lazima kila mtoto awe na simu. Mmoja mwenye mega kidogo za intaneti anatosha: anauliza swali, anapiga picha ya jibu, analitupa kwenye kikundi cha WhatsApp, na asubuhi napokea rundo la kazi zenye sentensi zilezile, hata koma ziko mahali pamoja. Siwezi kuwakasirikia. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2019, watoto wengi waliokuwa wanabaki nyumbani wameingia masomoni, na hilo ni jambo jema kabisa, lakini vitabu havikuongezeka pamoja nao. Mtoto wa hapa alizoea kunakili daftari la kaka yake, au kununua silabasi iliyotolewa fotokopi mpaka herufi zimefifia. Sasa amepata kitu kinachomjibu saa yoyote, kwa upole, bila kumwambia akae chini. Nani asingekikimbilia?

Shida niliiona vizuri tulipofika kwenye mgomo wa 1941. Unaijua habari hiyo, Mheshimiwa: Desemba mwaka ule wafanyakazi wa Union Minière, kampuni kubwa ya migodi ya wakati wa ukoloni, waligoma wakidai mshahara, na tarehe 9 askari wa serikali ya kikoloni waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mpira, hapahapa mjini. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Niliwapa wanafunzi kazi ya kuandika juu ya siku hiyo. Msichana mmoja mwenye bidii aliniletea kurasa tatu za Kifaransa safi, na chini yake jina la mwandishi, kichwa cha kitabu, mwaka, mpaka namba ya ukurasa. Tulikitafuta kitabu hicho, mimi na yeye, katika kila katalogi tuliyoweza kuifungua. Hakipo. Mwandishi ni mtu wa kweli, lakini kitabu hakukiandika. Mashine ilikitunga. Yule mtoto akaniuliza: «Sasa, Mwalimu, mimi ningejuaje?»

Swali hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Mashine hizi hazifanyi kazi kama mtunza maktaba anayekwenda kwenye rafu na kurudi na kitabu mkononi. Zimesomeshwa maandishi mengi mno, kisha zinakisia neno gani linafaa kufuata jingine. Ndiyo maana kichwa cha kitabu kinaweza kusikika sawa kabisa na kisiwepo duniani. Zile zinazotafuta kwenye intaneti kabla ya kujibu zina afadhali, lakini nazo huokota kile tu kilichowekwa huko. Na wanaodanganyika si watoto wa Katuba peke yao. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi ambazo hazijawahi kuamuliwa popote, zilizobuniwa na ChatGPT. Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times lilichapisha orodha ya vitabu 15 vya kusoma wakati wa likizo. Kumi kati yake havikuwepo. Ila tazama tofauti: uongo ule wa Chicago haukudumu hata wiki. Msomaji wa kule ana maktaba ya mtaa, ana duka la vitabu, ana katalogi anayoiamini. Akitia shaka, ana pa kwenda.

Mtoto wa Katuba aende wapi? UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, ina maktaba zake, lakini hizo ni za wanafunzi wake, nasi tunafurahi kwamba marehemu Profesa Mudimbe, mwanafalsafa na mwandishi, mzaliwa wa Likasi aliyefariki Marekani mwaka 2025, aliwaachia vitabu vyake. Aliishi ng'ambo miaka mingi, na vitabu akavirudisha nyumbani. Mtu asome alama hiyo. Mediateki ya Institut français, kituo cha utamaduni cha Ufaransa, pale Halle de l'Étoile, inapokea vijana vizuri. Nawashukuru kwa moyo wote, lakini ni nyumba ya nchi nyingine, na iko mjini kati. Nauli ya kwenda na kurudi ni mboga ya siku nzima katika nyumba nyingi za wanafunzi wangu.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi, nalo linahusu kile mashine inachokijua juu yetu. Karibu nusu ya kurasa za intaneti zinazokusanywa kuisomesha ni za Kiingereza. Kiswahili chote, kuanzia Lamu mpaka Kolwezi, hakifiki hata moja kwa mia. Na ndani ya hicho kidogo, Kiswahili cha Katanga ni tone. Ukiiuliza juu ya Lubumbashi itakuambia shaba, kampuni ya migodi Gécamines, mji ulianzishwa mwaka 1910, basi. Juu ya maisha ya watu wa kambi za wafanyakazi, juu ya maboi waliopika na kufua katika nyumba za Wazungu, itakupa maneno laini yasiyo na mtu ndani yake.

Si kwamba hatukuandika. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa nyumbani wa mji huu kilipiga chapa historia ya Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kama wao walivyoiona, kwa Kiswahili chetu chenyewe, na André Yav ndiye aliyeikusanya. Ni maandishi ya wapishi na maboi wakieleza nani alikuja, nani alipigwa, nani alijenga. Yalitoka kama kitabu mwaka 1990, kule Amsterdam, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kwa kazi ya mtafiti Johannes Fabian. Michoro ya Tshibumba Kanda-Matulu, aliyechora historia ya nchi hii hapa Lubumbashi katika miaka ya 1970, mingi imehifadhiwa katika makumbusho ya Amsterdam. Sisemi kwamba iliibwa. Mtu aliithamini wakati sisi hatukuwa na mahali pa kuitunza. Lakini mwanafunzi wa komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, ambaye babu yake huenda ni mmoja wa watu wanaosimuliwa mle, hajawahi kushika ukurasa hata mmoja. Siku mashine itakapokosea juu ya babu huyo, ni nani atakayeisahihisha?

Mheshimiwa, mimi si adui wa chombo hiki. Naandaa nacho maswali ya mazoezi, na kinanisaidia. Ninachokataa ni kuwaachia watoto peke yao. Uturuki walifanya jaribio na wanafunzi karibu elfu moja wa sekondari katika hesabu. Walioruhusiwa kutumia mashine walifanya vizuri zaidi kwa 48 kwa mia wakati wa mazoezi. Ilipoondolewa siku ya mtihani, walianguka chini ya wenzao ambao hawakuitumia kamwe, kwa 17 kwa mia. Kundi la tatu lilipewa mashine iliyopangwa kutoa dokezo bila kutaja jibu, na hao karibu hawakupata hasara. Nigeria nako, katika mji wa Benin, wanafunzi wa sekondari walisoma Kiingereza na akili bandia baada ya masomo, wiki sita za Juni na Julai 2024, kwenye kompyuta za shule, mwalimu akiwa amesimama chumbani akiwaongoza. Walipimwa na kukutwa wamepanda kweli.

Sasa fikiria wafinalisti wetu, wanaoingia kwenye EXETAT, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, bila simu, bila mtu, na karatasi mbele yao. Kama mwaka mzima wamezoea kunakili jibu, tunawaandaa kwa anguko lile la Uturuki. Kama kuna chumba, mwalimu na kitabu cha kulinganishia, tunaweza kuwapa walichopata wenzao wa Benin.

Chumba ninachokiomba si jumba la marumaru. Ni jengo la komini lenye paa zima, paneli za jua, kwa kuwa umeme tunaujua sote, meza, rafu, na kompyuta ndogo inayohifadhi maktaba nzima bila kuhitaji intaneti. Kitu hicho kipo tayari: programu ya Kiwix, isiyouzwa, inaiweka Wikipedia ya Kifaransa yote na ile ya Kiswahili kwenye kadi ndogo kama ya simu, na watoto wanaisoma kwa simu zao bila kutumia hata mega moja. Juu ya hapo viwepo vitabu vya karatasi vya programu ya masomo ya taifa, magazeti, kamusi. Mashine ya akili bandia nayo iwemo, sikatai, lakini iwe mezani pamoja na vitabu, mtoto aulize kisha asimame akatafute kama ni kweli. Na awepo mtu. Ningekata kila kitu kwenye orodha hii kabla ya kumkata mtunza maktaba. Mtu anayelipwa, aliyesomea kazi hiyo, anayejua kumwambia mtoto: jibu hili limetoka wapi, nani amelisema, tulitazame mahali pa pili. UNESCO ilitoa mwongozo wake Septemba 2023, ikashauri mtoto asitumie vyombo hivi darasani kabla ya miaka 13. Huku kwetu nani anauangalia umri huo, kama si mtu aliyekaa mlangoni?

Chumba hichohicho kikusanye ya kwetu. Wazee waliofanya kazi migodini wanaondoka mmoja mmoja. Nyumba nyingi za Kamalondo, Kenya na Ruashi zina masanduku ya barua, picha, vijitabu vya kazi, vitabu vya parokia. Vipigwe picha, sauti za wazee zirekodiwe, vyote kwa ruhusa ya familia, na nakala ibaki hapa. Nalisisitiza hili kwa sababu maandishi sasa yana bei. Harvard ilifungua mwaka 2025 vitabu karibu milioni moja vya maktaba yake, visivyo na haki za mwandishi tena, ili visomeshe mashine. Mwaka huohuo kampuni ya Anthropic ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 kwa waandishi na wachapishaji ambao vitabu vyao ilivichukua kutoka mitandao ya wizi, kama dola 3,000 kwa kila kitabu. Kampuni au mradi wowote ukija hapa na skana ukasema utatusaidia bure kuhifadhi kumbukumbu, soma mkataba mpaka mstari wa mwisho. Nakala inabaki wapi? Nani anaruhusiwa kuiuza? Familia inapata nini?

Fedha zipo, na sheria inasema ziko wapi. Sheria ya migodi ilivyorekebishwa mwaka 2018 inalipatia jimbo 25 kwa mia ya mrabaha wa madini, na 15 kwa mia inakwenda kwa komini, sekta au utemi ambako mgodi unachimbwa. Juu yake kila kampuni inatakiwa kutoa angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa miradi ya jamii. Nchi hii inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na imekuwa ya pili kwa shaba. Nyumba kubwa za kompyuta ambamo akili bandia hufanyia kazi zinakula shaba kwa tani na tani, katika nyaya na katika mitambo ya umeme. Shaba ya Katanga imo katika chombo kinachomjibu mtoto wa Katuba. Kumnunulia mtoto huyo rafu ya vitabu kwa sehemu ndogo ya mrabaha huo si kuomba msaada.

Kama fedha hazitoshi kwa komini zote saba mwaka huu, anza na moja, na isiwe ya mjini kati. Iwe Kenya, au Katuba, au Ruashi. Uweke kwenye bajeti, kwa mstari wake wenyewe, mshahara wa mtunza maktaba wa miaka mitatu, ili chumba kisifungwe siku kamera zikiondoka. Walimu wenzangu na mimi tuko tayari kuja ofisini kwako kabla ya kikao cha bajeti, na orodha ya majengo ya umma yaliyo matupu katika komini hizi tatu, ili wizara yako ya elimu iyakague. Tunaomba utupangie siku.

Kwa heshima,

Mwalimu wa historia, Katuba