Hamad, usiiwashe peke yako

Assalam alaykum mwanangu,

Picha zako zimefika na mama yako ameshawaonesha mtaa mzima. Koili ndefu ya hiyo mashine yako ya Tesla, ya kurusha cheche, umeisuka vizuri. Nimeikuza picha nikaufuata waya kutoka chini mpaka juu: kila mzunguko umelala ubavuni mwa mwenzake, hakuna uliopandiana, hakuna uwazi, umekazwa kama ukili wa bibi yako. Wapo mafundi hapa Chake Chake wanaosuka mota kila siku na hawakufikii.

Sasa hiyo transfoma. Mbona hukunambia kuwa umeitoa kwenye maikrowevu? Nimeijua kwa umbo lake tu. Ile inatoa volti 2,000 hivi, na nguvu yake inatosha kuua mtu mara moja. Watu huogopa cheche zinazoruka juu kwa sababu wanaziona. Mimi naogopa huko chini, kwenye transfoma na kapasita inayoweka chaji. Umeme wa hapo ni uleule wa ukutani, mizunguko 50 kwa sekunde, umepandishwa volti tu. Ukikushika, mkono unakaza, huwezi kuachia. Usiiwashe peke yako, Hamad. Akae mtu kwenye swichi, na macho yake yawe kwako, asitazame cheche.

Unanambia Tesla mwenyewe, aliyeibuni koili hii, aliupitisha umeme mwilini mwake mbele ya watu, tangu miaka ya 1890. Kweli, lakini ule ulikuwa umeme wa masafa makubwa, yaani mizunguko mingi mno kwa sekunde, na alijua kila waya unakwenda wapi. Hata huo, mishipa ya fahamu haiuhisi lakini nyama inaungua.

Na kapasita usiiamini kwa kuwa umechomoa plagi. Chaji inabaki. Itoe kwa rezista iliyofungwa kwenye ufito mrefu mkavu, kisha funga waya baina ya ncha zake ukae hapo muda wote unapofanya kazi. Utakapokuwa unatafuta pa kubana kwenye paipu ya kopa, ile koili ya chini, ili koili mbili zikubaliane masafa, ndipo khatari ilipo khasa: mtu anasogeza kibano, anawasha, anasogeza tena, mwisho anasahau kuzima. Mkono mmoja uweke mfukoni, usishike kwa yote miwili. Hayo hukuyapata dukani kwangu, najua. Kwangu umeona mtu anagusa waya kwa mgongo wa kidole kujua kama una moto. Hilo liache hukuhuku Pemba.

Vanishi usiipake kabla paipu ya plastiki uliyoisukia koili ndefu haijakauka ndani na nje. Hewa yetu ina chumvi, na unyevu ukibaki umeme utatambaa juu ya plastiki na kuichoma badala ya kutokea kileleni. Ncha ya chini ya koili ndefu ipigilie chuma chake ardhini, usiiunge na ethi ya nyumba, utaunguza vyombo vya majirani. Walimu wako wanayajua haya? Muulize mmoja wao aje asimame nawe. Peke yako, sitaki kusikia.

Hapa mvua zimetukuta na karafuu majamvini, tunaanua na kuanika kutwa. Bati la jikoni linavuja palepale. Mdogo wako anataka viatu vya skuli, namba 37; ukipita Darajani mtazamie, vyeusi, visiwe vya kamba. Na mpigie simu bibi yako, analalamika kuwa watu wa chuo wamekuwa wakubwa.

Mjomba wako anapanda boti keshokutwa. Mama yako amempa pweza mkavu na samli. Mimi nimetia sakiti breka, ifunge kabla ya transfoma, ila hiyo haiwezi kukuokoa ukigusa upande wa volti kubwa. Usije ukaniambia una breka kwa hiyo huhitaji mtu.

Nijibu kabla ya Jumamosi, uniandikie jina la atakayekaa kwenye swichi na namba yake ya simu. Nitampigia mwenyewe.

Baba yako