Mgeni wa kwanza kulala kwangu

Chanika, Jumapili jioni

Somo yangu Monika,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Morogoro? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, namshukuru Mungu.

Juzi uliniuliza kwenye simu, "Sasa somo, kwako kukoje?" Nikakujibu "kuzuri", halafu salio likakatika. Nikaona nisikujibu kwa vipande vipande vya meseji. Nimeweka kiti barazani, kalamu ninayo, chai ipo, nikueleze taratibu kama tulivyokuwa tukielezana kule uani Buguruni tukimenya viazi.

Kwanza hilo neno "kwako". Bado linanishtua. Miaka kumi na miwili nimekaa kwa watu, nikihesabu miezi sita sita. Ikikaribia Machi na ikikaribia Septemba usingizi ulikuwa unanipaa, wewe shahidi. Sasa Septemba hii nilikuwa jikoni nachambua mchele, nikatupia macho kalenda, nikaona tarehe ya kodi ilishapita siku nne na mimi sikuikumbuka kabisa. Niliweka ungo chini nikalia, na furaha ndiyo iliyoniliza.

Nilihamia tarehe 27 Agosti, sikukuu ya somo wetu. Niliipanga hivyo makusudi. Mtakatifu Monika alimlilia Mungu miaka mingi kwa ajili ya mwanawe Augustino mpaka akabatizwa, na mimi kiwanja hiki nimekiombea tangu 2015. Unakumbuka mwenyewe. Msingi 2017, boma 2019, halafu kimya. Majani yakaota sebuleni mpaka kiunoni, mbuzi wa watu wakapafanya zizi. Mwaka 2022 zamu yangu ya kikoba ikafika, nikanunua bati na mbao, nikapaua. Zile jioni ulizonisindikiza kwenda kwenye kikoba nimezikumbuka fundi alipogongelea bati la mwisho.

Nyumba haijaisha, usije ukategemea makubwa. Plasta iko sebuleni na chumba kimoja tu. Chini ni jamvi tupu, dari hakuna, ukilala unaziona kenchi zote. Madirisha mawili yana grili bila vioo, nimeyaziba kwa turubai. Wenzangu wa kazini walinisihi nisubiri iishe. Nilikataa, na wewe nakuambia hivyo hivyo kwa kiwanja chako cha Kihonda: ukishapaua, ukawa na choo na mlango unaofungika, ingia. Pesa utakayompa mwenye nyumba kwa mwaka mmoja ndiyo plasta yako. Na ukiwa ndani unaona kila kitu kinachofanywa. Mimi sikuwa ndani wakati wa kupaua, na nimeona matokeo yake. Nitakueleza.

Kuna jambo dogo nililifurahia mno. Unakumbuka ugomvi wa LUKU pale Buguruni, wapangaji sita mita moja, na ile kodi ya majengo inayokatwa kwenye umeme kila mwezi, kila mtu anasema si yake? Na kweli haikuwa yetu. Mwezi wa tisa nilinunua umeme wangu wa kwanza hapa, meseji ikaja, nikaona makato 1,500. Nikaisoma mara mbili. Safari hii ni yangu, na niliilipa kwa moyo mweupe.

Kazini ni mbali, sitakuficha. Saa kumi alfajiri niko macho, saa kumi na moja niko kituoni, na jioni foleni ya Gongo la Mboto inanirudisha usiku. Lakini njia yenyewe inapita Pugu, na kila nikipita napiga ishara ya msalaba, nakumbuka ile siku tulipokwenda hija mimi na wewe, viatu mkononi. Yule katekista alitusimamisha makaburini akatueleza Wabenediktini waliofungua misheni pale mwaka 1888, na kwamba hata mwaka haukutimia, Januari 1889 ikavamiwa, baadhi yao wakauawa. Ulinong'ona, "Hawa hata paa lao hawakulizoea." Siku ile nilikusikia tu. Siku hizi, daladala likipanda kile kilima, neno lako linanirudia lote.

Jumamosi na jioni za mapumziko ni za bustani. Udongo wa huku una mchanga mwingi, unakunywa maji kama haujawahi kuyaona, kwa hiyo nimebeba samadi ya kuku kutoka kwa jirani viroba kumi na moja. Nimeanza na matembele, maana hayo hayana maringo: unakata shina, unalichomeka, wiki tatu unachuma. Mchicha nao umeota. Nimepanda mpapai mmoja, migomba miwili na mwembe dodo, huo mwembe nimeupanda mbali kidogo na ukuta kwa ajili ya watakaokaa kivulini mimi nikiwa mzee. Nina mitetea minne na jogoo. Mmoja ameangua vifaranga tisa, wamebaki sita. Watatu wamechukuliwa na kunguru, hawa weusi wa Dar wasio na haya, mchana kweupe na mimi nimesimama pale. Sasa nawafunika na tenga mpaka wakomae. Naweza kukaa nikiwatazama nusu saa nzima sifanyi kitu kingine. Kule chumbani tulikuwa na nini cha kutazama? Ukuta.

Sasa nije kwenye lenyewe, maana barua hii nimeiandikia hilo.

Unajua jumuiya yetu ilivyokuwa pale Buguruni. Zamu yetu ya kusalisha ikifika, tunabeba viti tunakwenda kuomba sebule ya mtu mwingine, kwa sababu chumba chetu kilikuwa kitanda na ndoo. Hakuna aliyetusema. Lakini mimi ilikuwa inaniuma, miaka yote ile nasali kwenye nyumba za watu na hakuna hata mmoja aliyewahi kusali kwangu.

Oktoba hii huku jumuiya inasali rozari kila jioni nyumba kwa nyumba, na sanamu ya Mama Maria inalala pale iliposaliwa, kesho yake jioni inasindikizwa kwenda nyumba inayofuata. Mwenyekiti akasoma ratiba: Jumatano, kwa Mama Monika wa nyumba mpya. Somo, nilihisi tumbo linanicheza kama siku ya Kipaimara. Nyumba haina dari! Viti vinne! Jirani yangu, mama mmoja Mwislamu, alinisikia namlalamikia fundi bomba, akaniuliza watakuja wangapi. Jioni wanawe wakaniletea mabenchi mawili na mikeka mitatu, na sahani ya vitumbua juu yake. Hatujamaliza hata miezi mitatu ya ujirani.

Halafu meza. Nilikuwa na ile meza yangu ya mninga, lakini ya kuwekea nini juu? Nikafungua sanduku, nikatoa kitambaa chetu.

Unakikumbuka? Cheupe, maua ya nyota, kingo za samawati. Miaka mitatu nilikifuma kwa ajili ya sebule ambayo haikuwepo, na wapangaji wenzetu wakiuliza ni cha nini, tunasema ni cha mezani, bila kusema meza ipi. Nilipolazwa kwa malaria ukaichukua sindano ukafuma pembe moja ukaimaliza. Nilikitandaza nikakinyoosha kwa viganja, na pembe yako nikaijua palepale, maana mkono wako unakaza uzi na wangu unaulegeza. Nyota zako ni ndogo, zimebanana, na kitambaa kinajivuta kidogo upande ule. Nilijaribu kukivuta kilingane, kikakataa, nikakiacha. Upande ule nikaugeuzia mlangoni, ili uonekane kwanza.

Wakaja na giza linaingia. Nilizisikia nyimbo kabla sijawaona, halafu mishumaa, kila mmoja ameukinga mshumaa wake kwa chupa ya maji iliyokatwa. Watu thelathini na kitu. Nilisimama mlangoni kumpokea Mama. Kiongozi akasema yale maneno ya Injili, "Amani iwemo nyumbani humu", na mimi nilitakiwa kuitikia, sauti haikutoka. Akasubiri. Hakunihimiza. Nikaitikia.

Tulikuwa kwenye Matendo ya Utukufu, tendo la tatu, Roho Mtakatifu anawashukia Mitume, mvua ya kwanza ya vuli ikaanguka. Bati bila dari, wajua mwenyewe. Ilikuja kwa mkupuo, na ule mvumo ukajaza nyumba mpaka tukashindwa kusikia Salamu Maria inaanzia wapi na inaishia wapi. Watoto wakatazama juu. Kiongozi akainua mkono, akaanzisha wimbo, na sisi tukaushika, mimi sauti yangu ya pili kama zamani, tukaimba tukishindana na mvua mpaka ikapungua, ndipo tukaendelea na makumi yetu pale tulipoachia.

Na hapo ndipo paa lilipovuja. Tone moja moja, juu ya benchi la wanaume. Mzee aliyekaa pale alisogea kidogo tu, mdomo wake haukuacha kusali, akanyoosha mkono akavuta sufuria, akaitega. Kesho yake nilipanda ngazi na fundi mwingine. Akanionyesha: msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa wimbi, maji yapite pembeni yake. Yule wa kwanza misumari kadhaa aliipiga bondeni, maji yanakopita. Ameing'oa, ameziba matundu, ameipiga upya panapostahili. Ndiyo maana nakusisitiza, siku ya kupaua simama pale pale, uulize kila msumari.

Wakanywa chai na mihogo, wakaondoka. Nyumba ikawa kimya, na Mama Maria amebaki mezani juu ya kitambaa. Ndiye mgeni wa kwanza kulala kwangu. Sikuweza kumwacha peke yake sebuleni, nikavuta godoro nikalala pale chini.

Nilimweleza mengi. Nilimweleza habari za mama yangu aliyefariki boma likiwa na majani. Nikawaombea wenye nyumba wote niliopanga kwao, mmoja mmoja, hata yule aliyetoa vitu vyetu nje siku ya mvua. Huyo nilimwacha wa mwisho, lakini nilimtaja. Nikakuombea wewe na kiwanja chako. Halafu nikakumbuka rozari zetu za kunong'ona, tukimwonea huruma yule mlinzi aliyelala mchana nyuma ya ukuta wa mbao, miaka yote ile tukisali kama watu wanaoiba. Somo, niliinuka nikasali kumi moja la rozari kwa sauti yangu yote. Peke yangu, saa sita usiku. Hakuna aliyegonga ukuta.

Asubuhi nilikwenda kutazama simtanki. Nina gata upande mmoja tu wa paa, mita za mraba kama arobaini na tano. Yule fundi wa pili alinipa hesabu rahisi: mvua ya milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tangi langu ni la lita 1,000, na lilikuwa linamwagika juu. Bomba halijafika mtaani kwetu, maji tunanunua kwa boza, kwa hiyo nilichota ndoo moja nikampelekea jirani pamoja na sahani yake. Jioni tukamsindikiza Mama kwenda nyumba ya tatu kutoka hapa.

Mshumaa ulidondosha tone la nta kwenye kitambaa, na limedondoka kwenye pembe yako. Nimeweka karatasi nikapitisha pasi ya moto, nta imetoka, kimebaki kivuli kidogo tu ukikitazama karibu. Sijakifua.

Sasa nina ombi. Nimeanza kufuma cha pili, cha kiti, na ule uzi wa samawati sijaupata Kariakoo yote, kila duka rangi imekolea mno. Yule mama wa sokoni Morogoro uliyenunua kwake mwanzo, kama bado yupo, niletee roli mbili. Uje nazo mwenyewe, Desemba, shule zikifungwa. Panda treni ya umeme, ila uulize ile inayosimama Pugu, ukishuka nitakuwa nakungoja. Njoo na watoto wote. Godoro lipo. Chumba chenu bado hakina mlango, nimetundika kanga.

Nisalimie shemeji.

Somo yako,
Monika