Anwani zetu hazienei kwenye tebo zenu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Najua wengi humu wanaandika habari za maji na barabara, mimi nataka niongelee anwani, yaani jinsi sisi madevelopa, watengenezaji wa programu, tunavyotengeneza tebo (majedwali) za kuhifadhi anwani za watu kwenye databesi, ile hifadhi ya taarifa kwenye kompyuta, maana kinaonekana kitu kidogo lakini kinapoteza mizigo ya watu na hela zao.

Wiki iliyopita mama jirani yangu hapa Mbagala alikuja na simu yake, anataka kumwagizia mwanae viatu vya shule kwenye duka moja la mtandaoni, tena duka la hapahapa Dar, fomu imegoma. Nikaishika. Inataka steti, yaani jimbo la Marekani, na orodha inaanzia Alabama, inataka na zipu kodi, usipojaza kitufe cha kuendelea hakibonyezeki. Huyu mama namba ya nyumba anayo, iko ukutani tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022 kabla ya sensa, barabara yao ina kibao chenye jina, na kata yake ina postikodi ya tarakimu tano kama kata zingine zote nchini, ila fomu haina mahali pa kuandika kata wala mtaa na yeye angejuaje kwamba hiyo zipu kodi ndo postikodi? Mwisho nikamchagulia Alabama ili aendelee. Hivi ninavyoandika, kwenye databesi ya hilo duka huyu mama anaishi Marekani.

Sasa hii siyo bahati mbaya ya duka moja, mimi kazi yangu ni kurekebisha mifumo ya namna hii na nayaona kila mwezi. Kuna kampuni ya mizigo iliniita, wanalalamika lebo za wateja wa Nairobi zinatoka na postikodi mbovu. Nikafungua tebo. Nairobi 100, Nairobi 100, Nairobi 200. Ilitakiwa iwe 00100, ile ya posta kuu, na 00200 ya City Square, lakini aliyetengeneza aliiweka kolamu ya postikodi, yaani safu yake kwenye tebo, kuwa ya namba, na kompyuta ikipewa namba haioni sababu ya kutunza sifuri za mbele. Walikuwa wamejaribu mfumo kwa anwani za Mombasa, 80100, zikatoka sawasawa, wakaondoka wameridhika. Na mtu wa Boston mwenye 02108 yatamkuta hayohayo. Postikodi hujumlishi wala hutoi, iwekeni kolamu ya maandishi jamani, na Mwingereza naye ya kwake ina herufi na nafasi katikati, SW1A 1AA, hiyo kwenye kolamu ya namba haiingii kabisa.

Hapohapo nikakuta 00000 na 12345 kibao. Nilipofuatilia, wengi ni ndugu zetu walioko Dubai, na Imarati hawana postikodi, wao ni sanduku la posta tu, sasa fomu ikikulazimisha tarakimu tano utafanyaje, si utabuni. Oman wanayo lakini ni tarakimu tatu, Ruwi kule Muscat ni 112, na fomu inakataa, inasema fupi. Yaani mfumo unamlazimisha mtu mkweli aandike uongo alafu kesho meneja anashangaa data chafu.

Chanzo nakijua maana na mimi nilifundishwa hivohivo chuoni: mtaa, mji, steti, zipu kodi. Mfano umetoka kwenye vitabu vya Marekani, na zipu kodi ni mpango wa posta yao wa 1963, kwao unafanya kazi vizuri sana, lakini dunia haijapangwa hivyo. Mjerumani anaandika mtaa kwanza ndo namba ya nyumba, na postikodi inatangulia mji. Japani sehemu kubwa barabara hazina majina, wanahesabu vitalu, na wakiandika kwa lugha yao wanaanza na kubwa kushuka ndogo. Kwahiyo hata kolamu ya mtaa usiifanye lazima.

Mimi navyofanya saivi ni hivi. Kitu pekee cha lazima ni nchi, na hiyo mtu asiiandike kwa mkono, achague, iingie ule msimbo wa herufi mbili wa kimataifa, TZ, KE, OM, maana mizigo ya Lubumbashi inapita bandari yetu na nimekuta watu wameandika Congo, DRC, Zaire, Kinshasa, wote wanamaanisha CD, yaani Kongo ya Kinshasa, na mwingine aliyeandika Congo kumbe ni wa Brazzaville, ile Kongo nyingine, ambayo ni CG. Baada ya nchi naweka mistari mitatu minne ya maandishi huru, mji, mkoa na postikodi, vyote vinaruhusiwa kubaki tupu. Mpangilio wa kuchapa lebo unakaa kwenye tebo yake, kila nchi na wa kwake. Na mistari iwe mirefu! Niliwahi kuona lebo imekatikia "nyuma ya soko la Rangi Ta", ilitakiwa Rangi Tatu, bodaboda akazunguka mchana mzima, kisa mtu aliona herufi 30 zinatosha.

Alafu naweka kolamu ya maelekezo, geti la bluu, uliza kwa mama wa mkaa, kwa sababu huku kwetu hiyo ndo inayofikisha mzigo mlangoni. Anwani na mtu nazitenganisha tebo mbili, katikati naweka tebo ya tatu inayosema nani anatumia ipi na tangu lini, maana S.L.P. moja ya shule au kanisa inatumiwa na familia kibao na mtu mmoja ana kwake, kazini na kwa wakwe. Na oda ikishatoka naikopia anwani yake ndani ya oda, mteja akihama mwakani risiti ya mwaka huu isibadilike.

Naomba walimu wa databesi vyuoni wawape vijana zoezi la kuhifadhi anwani ya Mbagala, ya Ruwi na ya Tokyo kwenye tebo moja, waone inavyovunjika. Na wenye lile duka kama mnasoma, kuifanya zipu kodi isiwe lazima na kubadili ile orodha ya steti ni kazi ya mchana mmoja, niko tayari kuja kuifanya bila malipo.

Msomaji wako,
Developa, Mbagala
Dar es Salaam