Baridi ya Njombe msiisingizie afelioni

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu "afelioni", yaani siku Dunia inapokuwa mbali na Jua kuliko siku zote za mwaka, kwamba Dunia imelikimbia Jua na sasa baridi, mafua na kikohozi vitatuandama mpaka Agosti 22, jirani yangu ameikata na kuibandika gengeni kwake. Mimi nauza makoti na masweta ya mitumba hapa Njombe, kwa hiyo kibiashara mmenifaa sana. Hata hivyo siwashukuru.

Ujumbe huo huzunguka kwenye simu kila Julai, nanyi mmeuchukua kama ulivyo. Eti Jua huwa umbali wa kilomita milioni 90, sasa limesogea hadi milioni 152. Hiyo 152 ni kweli. Hiyo 90 mmeiokota wapi? Dunia inapolikaribia Jua kabisa, mwanzoni mwa Januari, umbali ni kilomita milioni 147. Tofauti ni milioni 5 tu, tena hufikiwa taratibu kwa miezi sita, si kwa kuondoka saa 11 alfajiri kama basi la Dar. Lingekuwa kweli limetoka 90 hadi 152, tungebaki na theluthi ya joto letu, na Wazungu, ambao Julai hii hii wanahema kwa joto, wangeyang'ang'ania makoti yao badala ya kuyafunga kwenye belo.

Njombe kuna baridi kwa sababu tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na Dunia imeinama nyuzi 23 na ushee. Mwezi wa saba upande wa kaskazini ndio ulioelekea Jua, nasi tuko kusini. Njooni saa sita mchana mtazame nguzo ya kibanda changu: sasa kivuli chake kinaangukia kusini, Desemba kitaangukia kaskazini. Hakuna haja ya darubini.

Ningenyamaza kama kawaida yangu, ila alikuja binti mmoja na mtoto mgongoni kutafuta sweta. Nikamjaribishia mtoto. Anachemka, anapumua mbiombio, na kila akivuta pumzi mbavu zinaingia ndani. Nikamwambia, "Mwanangu, huyu ana kichomi, mpeleke hospitali." Akanijibu kwa heshima zote, "Hapana mama, ni afelioni, imetoka gazetini, inaisha mwezi wa nane." Gazetini! Mtoto asubiri Dunia imalize safari yake! Nilifunga kibanda mchana kweupe, wateja wakiwa wamesimama na makoti mikononi, nikampakia bodaboda mimi mwenyewe, na alilazwa siku hiyo hiyo. Amepona, Mungu mkubwa. Lakini wangapi wamekaa ndani na chai ya tangawizi na jiko la mkaa, milango imefungwa, wakilaumu sayari, wakati moshi na hewa ya lile jiko ndivyo vinavyowamaliza?

Na nyota zenu, ukurasa wa pili kutoka hapo! Kuna mtu ana deni langu la koti la ngozi tangu Pasaka. Nikimdai ananionyesha gazeti: wenye nyota ya Nge wasitoe fedha wiki hii. Wiki iliyofuata, vilevile. Hiyo nyota mbona haikumkataza kukopa? Msije mkatuletea tena na ule uvumi kwamba miale ya sayari ya Mirihi inapita karibu, kwa hiyo tuzime simu usiku. Mirihi ilipotukaribia kupita kiasi, Agosti 2003, ilikuwa bado kilomita milioni 55 na zaidi kutoka hapa, na kwa macho ilionekana nukta tu.

Ushauri wangu ni huu. Januari ijayo, siku Dunia itakapokuwa karibu na Jua kuliko siku zote za mwaka, mpelekeni mwandishi wenu Moscow akiwa na fulana ya mikono mifupi na kandambili. Akae nje mpaka aanze kutokwa jasho kwa zile kilomita milioni 5 tulizopunguziwa, ndipo aandike. Nafasi ya kuichapa mnayo, ondoeni zile nyota.

Muuza Makoti,
Njombe