Risala ya Klabu ya Ndege za Mfano kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule, Mkuu wetu wa Shule, walimu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzangu: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa wote, shikamooni.

Kwa niaba ya wanachama 23 wa Klabu ya Ndege za Mfano, nakukaribisha shuleni kwetu hapa Tanga. Mimi ni katibu wa klabu, nasoma kidato cha tatu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ulipopita kwenye meza yetu asubuhi uliuliza ile ndege yenye bawa jekundu tuliinunua wapi. Muda ulikuwa mfinyu, nikakujibu kwa neno moja: tumeiunda. Naomba risala hii iwe jibu kamili.

Ilitufikia ikiwa boksi. Mwanafunzi wa zamani wa shule hii, ambaye sasa anaishi Marekani, alikuja likizo akalibeba ndani ya mzigo wake. Mlikuwa na vipande vya Kadet LT-40, ndege ya kujifunzia ya kampuni ya Sig ya Montezuma, katika jimbo la Iowa. Ni ndege ya bawa la juu, na bawa hilo lina inchi 70 toka ncha hadi ncha, karibu mita 1.78, wengi wetu hatufikii urefu huo. Lakini tulipofungua boksi hatukuona ndege. Tuliona mbao nyembamba, fito, waya, na ramani kubwa kama shuka.

Sehemu kubwa ya bawa ni balsa. Mti huu hukua haraka katika misitu ya joto ya Amerika ya Kati na ya Kusini, na Ecuador ndiyo inayouza nyingi zaidi duniani. Kwa Kihispania neno lenyewe maana yake ni chelezo. Ukiushika ubao wa balsa unadhani umeshika karatasi, ila ukijaribu kuupinda unakukatalia.

Wiki ya kwanza tuliogopa hata kukata. Aliyetutoa hofu ni mzazi mmoja, fundi wa majahazi, aliyekuja kumchukua mwanawe jioni akakuta tumepanga mbavu za bawa juu ya ramani. Akainama, akatazama, akasema, "Haya ni mataruma." Tangu siku hiyo hakuna anayesema mbavu katika klabu yetu. Fundi yule alirudi Jumamosi tatu mfululizo bila kudai nauli. Alitufundisha kufumba jicho moja na kuchungulia ukingo wa bawa toka ncha moja hadi nyingine, kama anavyochungulia mkuku wa chombo kabla hajapigilia ubao. Kwa jicho lile aliona mpindo ambao rula yetu haikuuona.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Ramani hutandazwa juu ya ubao laini, juu yake nailoni ili gundi isigande na karatasi. Fito ndefu, yaani mhimili wa bawa, hulazwa juu ya mstari wake na kubanwa kwa pini. Kisha mataruma yanasimamishwa moja moja, kila moja kwenye alama yake, yanapimwa kwa guni la seremala, kile kipimo cha pembe mraba, ndipo gundi inatiwa. Huwezi kuharakisha. Bawa likijipinda milimita chache tu, ndege itataka kulalia upande mmoja safari nzima. Na hapa kwetu pwani mbao hunywa unyevu. Masika ya mwaka jana bawa la kushoto lilipinda likiwa kabatini. Tulilinyoosha kwa kulipinda upande wa pili, tukalipitishia pasi, tukalishikilia hivyo hivyo mpaka likapoa.

Pasi ni ya bweni la wasichana, na ndiyo iliyotuvalishia ndege. Ile nyekundu uliyoiona si rangi. Ni plastiki nyembamba yenye gundi upande mmoja. Ukiipitishia joto la wastani inanata, ukiongeza joto inasinyaa na kukaza kama ngozi ya ngoma. Wasichana tisa wa klabu ndio mafundi wa hatua hii, na sijaona kunjo hata moja kwenye kazi yao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kanuni ya momenti, yaani jinsi uzito wa pande mbili unavyosawazishwa juu ya egemeo, tulifundishwa darasani kwa rula na mawe. Tuliijibu vizuri kwenye mtihani. Lakini nadhani tuliielewa siku tulipoinyanyua ndege kwa ncha za vidole chini ya bawa na mkia ukashuka. Kwa ndege ya namna hii kitovu cha uzito hukaa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima toka ukingo wa mbele. Chetu kilikuwa nyuma mno. Ndege yenye mkia mzito huinua pua, mwendo unaisha, bawa linaacha kubeba, inaanguka. Tukasogeza betri mbele mpaka mwisho wa nafasi yake, bado. Mwanachama mmoja ambaye baba yake ni mvuvi akaleta chubwi mbili. Tulizifunga puani, mkia ukanyanyuka. Hizo chubwi zimo hadi leo.

Mota ni ya umeme, rimoti inatumia masafa ya gigahezi 2.4. Vibao vya kuongozea husukumwa na sevo, vimota vidogo vinavyopokea ishara mara 50 kwa sekunde. Ishara ikidumu milisekunde 1.5 sevo inakaa katikati. Ikipungua kuelekea 1 inageuka huku, ikiongezeka kuelekea 2 inageuka kule. Mwalimu wa fizikia alituonyesha haya kwenye skrini ya kompyuta, na ni yeye mlezi wetu.

Sasa naomba niseme jambo ambalo halimo kwenye taarifa ya klabu iliyobandikwa ukutani. Siku ya kwanza ya kurusha, kazi ya ukaguzi ilikuwa yangu. Eleroni ni vile vibao viwili vya ukingo wa nyuma wa bawa vinavyoilaza ndege kulia au kushoto. Ukisukuma rimoti kulia, kibao cha kulia kinapaswa kuinuka na cha kushoto kushuka. Mimi nilitazama kama vinacheza. Vilicheza. Sikutazama vinacheza kuelekea wapi. Mwalimu, ambaye alikuwa amefanya mazoezi miezi miwili kwenye kompyuta, akairusha. Ikapaa vizuri, upepo ukailaza kidogo kushoto, mwalimu akasahihisha kulia, ikalala zaidi kushoto. Hazikufika sekunde kumi. Wiki kumi na moja za kazi zikaingia katikati ya mkonge, na kila jani la mkonge lina mwiba kwenye ncha.

Mwalimu hakunigombeza. Alinipa mfuko, tukaanza kuokota. Aliniambia niokote hata vipande vidogo, kwa sababu kipande kilichovunjika ndicho ramani ya kipande kipya. Siku hizi ukaguzi unafanywa na watu wawili, mmoja anashika rimoti, mwingine anasimama nyuma ya ndege na kutamka kwa sauti: kulia juu, kushoto chini. Ndege isiyotamkiwa hairuki.

Matengenezo yalichukua wiki sita, na humo ndimo tulimopata jambo kubwa kuliko ndege yenyewe. Mataruma saba yalikuwa yamevunjika na balsa hatukuwa nayo tena. Kuagiza ubao kutoka nje, nauli peke yake ilizidi mfuko wa klabu. Lakini tulikuwa tumesimama katikati ya mkonge, zao ambalo limekuwapo Tanga tangu mwaka 1893, wakati Richard Hindorf alipoleta miche 1,000 na ikapona 62. Kila mtu hapa anajua kwamba mkonge hutoa ua mara moja tu, unachomoza mlingoti mrefu, kisha unakufa. Mlingoti ule ukikauka ni mwepesi ajabu. Watu hujengea mabanda. Sisi tuliupasua, tukaukausha darini majuma manne, tukaukata vipande vyembamba, tukapiga msasa.

Si balsa. Ni mzito kidogo kuliko balsa, kiini chake ni laini mno na ganda lake ni gumu mno, na ukikosea mwelekeo wa nyuzi unapasuka kabla hujamaliza. Lakini ukichagua sehemu iliyo kati ya kiini na ganda, unapata ubao unaobeba. Katika bawa la ile ndege nyekundu mna mataruma saba ya mkonge wa Tanga, na tangu matengenezo hayo imeruka mara 41. Sina namna ya kukuelezea tulivyojisikia ilipopaa mara ya kwanza ikiwa na mbao zetu ndani.

Wapo wazazi wanaosema tunacheza. Tunawaheshimu, na tunajua wanasema kwa kututakia mema mtihani ukikaribia. Ninawaomba wakumbuke kwamba Wilbur na Orville Wright waliletewa na baba yao kichezeo kinachoruka, cha mianzi, karatasi na mpira wa kusokota, mwaka 1878, na wenyewe walikitaja kuwa ndicho kilichowaamsha. Miaka 25 baadaye waliruka. Mwaka 2003, mzee Maynard Hill wa Marekani, mwenye umri wa miaka 77 na macho yaliyokaribia kuzima kabisa, aliunda ndege ya mfano ya balsa isiyozidi kilo 5. Majaribio ya kabla yake yalishindwa. Hii iliondoka Newfoundland, Kanada, tarehe 9 Agosti, ikavuka Atlantiki peke yake ikiongozwa na setilaiti, na ikatua Ireland baada ya saa 38 na dakika 52. Ilikwenda zaidi ya kilomita 3,000 kwa mafuta yasiyojaza galoni moja. Mimi humfikiria mzee huyo kila ninapochoka kupiga msasa: alipapasa kwa vidole kile ambacho macho hayakumwonyesha.

Karibu na kwetu, Rwanda imekuwa ikisafirisha damu kwa ajili ya wagonjwa kwa ndege zisizo na rubani tangu Oktoba 2016, kutoka Muhanga. Unguja na Pemba zilipigwa picha toka angani kwa ndege kama hizo, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa warushaji. Ndege hizo zina bawa, mkia au kibao cha kuongozea, sevo, betri na kitovu cha uzito. Hakuna hata kimoja ambacho mwanachama wetu wa kidato cha pili hakijui kwa jina na kwa mkono.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapo ndipo maombi yetu yanapoanzia. Tumesikia kwa furaha kwamba wapo wahisani wanaotaka kutununulia ndege tatu zilizo tayari, za kutoa kwenye boksi na kurusha. Tunawashukuru kwa moyo wote. Kwa heshima tunaomba fedha hizo zigeuzwe. Ndege iliyo tayari ikianguka kwetu hapa itabaki kabatini, maana hakuna aliyeona ndani yake. Kwa thamani ya moja tu tutapata seti mbili za kuunganisha, gundi, plastiki, misumeno midogo na mizani ya gramu.

Tunaomba utufikishe kwa watafiti wa kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, yaani TARI, cha Mlingano, hapo Muheza. Wao mkonge ndiyo kazi yao. Tunataka kujua mlingoti wa umri gani unafaa, ukaushwe vipi, upimwe vipi nguvu yake. Tumeandika maswali yetu yote kwenye daftari na tuko tayari kwenda wakituita.

Tunaomba pia msaada wa barua. Haturushi hapa shuleni kwa sababu uwanja wa ndege hauko mbali, tunakwenda shambani alfajiri kabla upepo wa bahari haujaamka. Hata huko tunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na cha sasa kinakaribia kwisha. Ombi la wanafunzi likiambatana na sahihi yako litasomwa mapema.

La mwisho ni chumba. Betri zetu ni za lithiamu, kila seli haipaswi kuzidi volti 4.2, na zikichajiwa vibaya huwaka. Kwa sasa tunazichaji ndani ya chungu chenye mchanga, nje ya maabara, na mtu mmoja amekaa nazo mpaka mwisho. Stoo ya zamani ya useremala ina sakafu ya saruji na madirisha mawili. Ikikarabatiwa bati tu, inatutosha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, leo hatutairusha, kwa sababu niliyoitaja. Lakini tumeileta mbele. Chini ya bawa kuna alama mbili za kalamu nyeusi. Tunakuomba uweke vidole vyako hapo uinyanyue, ukiwa wa kwanza kufanya hivyo asiyekuwa mwanachama, na taruma la tatu toka kushoto utakaloligusa ni la mkonge.

Naomba kuwasilisha.