Paa zipakwe nyeupe, lakini hewa nayo ipimwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja ya joto la Dar es Salaam, ambako kuanzia Desemba hadi Machi vyumba vilivyoezekwa kwa mabati havikaliki mchana.

Wengi huamini kwamba bati linalong'aa linatosha kulirudisha jua. Ni kweli bati jipya huakisi sehemu kubwa ya mwanga, lakini chuma kitupu ni kigumu kuliachia joto kilichokwisha kulipokea, na kutu na vumbi vikitanda hata uakisi huo hupungua. Rangi nyeupe hurudisha jua na pia huliachia joto angani, kama ifanyavyo chokaa kwenye kuta za Mji Mkongwe, Zanzibar.

Hata hivyo, kilichonisukuma kuandika ni upepo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari, hewa yake hupanda, na hewa ya Bahari ya Hindi huingia kushika nafasi hiyo, ikiusukuma kuelekea bara moshi wa magari, wa mkaa na wa taka zinazochomwa mitaani. Jiji zima likipozwa kwa paa nyeupe, tofauti hiyo ya joto kati ya nchi kavu na bahari hupungua, upepo hulegea, na moshi hubaki karibu na ardhi tunakopumulia. Hofu hii ina msingi: Los Angeles, jiji la pwani ambalo tangu 2014 linataka nyumba mpya za kuishi ziwe na paa za kuakisi jua, limo katika eneo lililofanyiwa hesabu za kompyuta zilizochapishwa mwaka 2017, zikaonyesha kwamba paa hizo zikienea kusini mwa California joto litashuka, lakini chembe laini zinazochafua hewa zitaongezeka kidogo.

Kuhusu barabara nina msimamo mkali zaidi. Huko Phoenix, Arizona, lami iliyopakwa rangi ya kuakisi ilipoa mchana kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi, ilhali mtu aliyesimama juu yake alielemewa na joto zaidi, kwa sababu mwanga ulimrudia kutoka chini. Kwetu, ambako wengi hutembea kwa miguu au huuza bidhaa kando ya barabara, fedha za kupaka barabara rangi ziende kwenye miti ya kivuli.

Sipingi paa kupakwa rangi, kwani mtoto anayelala chini ya bati anahitaji nafuu sasa. Ninaziomba halmashauri zianze na mitaa iliyobanana, zifunge vipima hewa kabla ya kopo la kwanza la rangi kufunguliwa, na ziwatangazie wakazi vipimo vya joto na vya chembe kwa pamoja.

Msomaji,
Temeke, Dar es Salaam