Mtoto anayetoa uloto naye ni mgonjwa wetu

Ndugu Mhariri,

Mjadala wa maadili ya seli shina, zile zinazozaa seli nyingine za mwili, ukifunguliwa, maneno huishia kwenye kiinitete, yaani mimba ya siku za mwanzo kabisa: ni binadamu au si binadamu, kiguswe au kisiguswe. Hoja hiyo ni nzito, na Uingereza iliijibu kwa sheria ya mwaka 1990 inayokataza kukuza kiinitete maabara kupita siku 14. Lakini seli shina zinazowatibu watoto wa selimundu hapa Tanzania hazitoki kwenye kiinitete. Zinatoka kwenye nyonga ya mtoto mwingine, ndugu wa mgonjwa, ambaye haumwi chochote. Mtoto huyo hatumzungumzii.

Inakadiriwa kuwa watoto 11,000 huzaliwa na selimundu nchini kila mwaka. Tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inawapandikiza baadhi yao uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na hatua hiyo tunaiunga mkono kwa moyo wote. Uloto wa ndugu anayelingana na mgonjwa unaponya kweli. Katika uchambuzi wa kimataifa wa wagonjwa 1,000 uliochapishwa 2017, zaidi ya asilimia 90 walikuwa hai miaka mitano baada ya kupandikizwa. Tunachodai ni kwamba huduma hii ikikua, ulinzi wa mtoaji ukue nayo.

Shinikizo kwa mtoaji linaanzia kwenye hesabu. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana na mgonjwa kwenye kipimo cha HLA, alama za seli zinazopaswa kufanana ili uloto usikataliwe. Kama wazazi wote wawili ni AS, yaani wamebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuumwa, ndugu huyo huyo ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa na selimundu mwenyewe. Vinasaba vya mambo haya mawili viko kwenye kromosomu tofauti, ya 6 na ya 11, hivyo kimoja hakifuati kingine. Mwenye AS anaweza kutoa, mwenye SS, yaani mgonjwa wa selimundu, hawezi. Inabaki nafasi 3 kati ya 16 kwa kila ndugu, na hata mgonjwa mwenye ndugu watatu hafikii nusu. Ndiyo maana akipatikana mmoja anayefaa, ukoo mzima unamtazama yeye, awe na miaka 15 au mitatu.

Kipimo hicho kina hatari nyingine isiyosemwa. Ndugu wa baba mmoja na mama tofauti, ambaye majumbani kwetu ni kaka au dada tu bila maelezo ya ziada, ni nadra kulingana kikamilifu, na majibu yanaweza kufichua siri ya uzazi ambayo mama hajawahi kuitamka, kwamba baba wa mtoto ni mwingine. Mama aulizwe akiwa peke yake, kabla damu haijachukuliwa, na akubaliane na daktari majibu yatasomwa mbele ya nani.

Sasa twende chumba cha upasuaji. Mtoaji analazwa usingizi kwa dawa, kifudifudi, na sindano nene inaingizwa kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma, kulia na kushoto. Kila mvuto hutoa mililita tatu hadi tano. Ukivuta nyingi kwa mkupuo, unapata damu ya kawaida iliyochanganyika na uloto kidogo, na seli shina zinakuwa haba. Mpokeaji huhitaji mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoaji hapaswi kutolewa zaidi ya mililita 20 kwa kila kilo ya uzito wake.

Chukua mpokeaji wa kilo 30 na mdogo wake wa kilo 12. Mkubwa anahitaji mililita 300 hadi 450. Kikomo cha mdogo ni 240, na hizo ni mivuto 48 hadi 80. Mwili wake wote una damu ya mililita 900 hivi, kwa hiyo zaidi ya robo yake imeondoka asubuhi moja. Huenda akahitaji kuongezewa damu ya mtu mwingine, na hatari zake zote, kwa ugonjwa usio wake. Katikati ya kazi sampuli hupelekwa maabara kuhesabiwa seli. Hesabu ikirudi ndogo, mkono hushawishika kuvuta zaidi. Hapo ndipo kikomo huvukwa, na mara nyingi kwa nia njema. Kikomo kiandikwe ubaoni kwa mililita kabla ya sindano ya kwanza, na daktari wa usingizi awe na mamlaka ya kusimamisha kazi. Pale uzito unapopishana kiasi hiki, mara nyingi jibu sahihi ni kusubiri mdogo akue, na mgonjwa aendelee na haidroksiurea, dawa inayopunguza makali ya selimundu.

Ridhaa ina siku yake ya mwisho, nayo si siku ya upasuaji. Mpokeaji akishaanza dawa za kuua uloto wake wa zamani, kama busalfani, mtoaji akisema hapana ndugu yake anaweza kufa. Kuanzia saa ile hana tena uhuru wa kukataa. Kwa hiyo mazungumzo naye, vipimo vya wekundu wa damu, malaria, UKIMWI na homa ya ini, pamoja na ukaguzi wa daktari wa usingizi, vyote vikamilike na kusainiwa kabla ya dozi ya kwanza.

Mazungumzo hayo ayafanye nani? Si daktari anayemtibu mpokeaji, kwa kuwa macho yake yako kwa mgonjwa wake. Uingereza, mtoto asiye na uwezo wa kuamua mwenyewe hatolewi uloto mpaka mtathmini huru aongee naye na wazazi, na mamlaka inayosimamia tishu za binadamu itoe kibali. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza mwaka 2010 kila mtoto mtoaji awe na mtetezi wake. Sisi hatuhitaji kuunda ofisi mpya: hospitali zetu zina maafisa ustawi wa jamii, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto mwenye uwezo wa kutoa maoni haki ya kusikilizwa katika maamuzi yanayomhusu. Kinachokosekana ni mwongozo wa Wizara ya Afya unaomtaja mtoaji uloto kwa jina, unaompa daktari wake, na unaosema wazi kuwa bila saini ya mtetezi wake dawa hazianzi.

Mwongozo huo uvuke siku ya upasuaji. Wageni wote huenda kwa mpokeaji, huku mtoaji akiwa na plasta mbili kiunoni, anatembea kwa kuchechemea, na chupa ya dawa ya kuongeza damu ambayo hakuna anayemkumbusha kunywa. Uloto ukikataliwa, au ndugu akifariki, mtoto huyu hujiambia kuwa ni uloto wake uliokuwa mbaya. Apangiwe kliniki yake mwenyewe, na fomu ya ridhaa ieleze kama ataombwa tena iwapo upandikizaji wa kwanza utashindwa, na kwamba safari hiyo ataulizwa upya.

Wahudumu wa kliniki ya selimundu,
Dar es Salaam